Malazi ya Bure Stockholm

Mke wangu alichagua Stockholm kwa sababu hatukuwa na mtu huko. Alilisema hilo waziwazi, tena mara mbili, jikoni kwetu Arlington, Texas, huku akikausha vikombe ambavyo si sisi tuliovinywea. Sebuleni walikuwepo vijana wawili waliofika wiki ile kuanza chuo, mmoja kalala kwenye kochi na soksi zake, na mama mmoja aliyekuwa akinisubiri nimpeleke kufanya mtihani wa udereva.

"Nataka mji ambao hakuna anayetujua," alisema kwa sauti ya chini, maana nyumbani kwetu tulishazoea kusema kwa sauti ya chini. "Tutembee, tule mkate, tuongee. Basi."

Mimi nikampata mtu Stockholm ndani ya siku mbili.

Nieleze hali ilivyokuwa, nisije nikaonekana mjinga kuliko nilivyo. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa katibu wa umoja wa Watanzania wa upande wetu. Anayesikia "katibu" hudhani ni mtu wa kuandika kumbukumbu za mkutano. Katibu ndiye anayepigiwa simu mgeni akikwama uwanja wa ndege. Ndiye anayetafuta gari la kubebea masufuria ya harusi, ndiye anayekwenda kukaa na wafiwa, ndiye anayejua nani anapangisha chumba na nani ana godoro la ziada. Kazi yangu ya mshahara ni kupanga magari yanayowapeleka wagonjwa kusafishwa figo, nani achukuliwe saa ngapi na arudishwe saa ngapi, kwa hiyo mchana kutwa nilikuwa nawapanga watu na jioni nikirudi nawapanga wengine. Nilikuwa naipenda kazi ile ya pili. Nisingependa kusema uongo hapa. Nilikuwa napenda kuingia ukumbini nikasikia watu wanasema, "Muulizeni katibu, yeye anajua."

Mke wangu ni nesi wa wagonjwa wa moyo. Alikuwa akirudi kutoka zamu ya saa kumi na mbili anakuta viatu mlangoni, anavihesabu, ndipo anajua leo tuko wangapi. Chumba cha wageni kwetu hakikuwahi kukaa kitupu mwezi mzima. Binti yetu alipokwenda chuo jimbo jingine nilikiweka chumba chake nacho kwenye orodha, na binti mwenyewe alipopiga simu kusema anakuja likizo, mama yake alilazimika kuniuliza kama kuna nafasi. Binti alisikia. "Mom, is he serious?" alisema.

Basi mwaka jana, mwezi wa tisa, hospitali moja ya Houston ikamwita kwenye usaili. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuongoza wodi, na yeye alikuwa ameomba bila kuniambia. Nilimpeleka kwa gari, mwendo wa saa nne na zaidi, na njia nzima tulizungumza habari za matairi. Alipopata kazi hakupiga kelele. Alinikalisha jikoni, akafunga mlango, akaniambia mambo matatu. Kwamba ataikubali. Kwamba hospitali itampa fleti ya miezi mitatu ya mwanzo, na kwenye fomu wanauliza ni watu wangapi wanahamia. Na kwamba amewaomba wamsubiri mpaka Jumapili ya mwisho wa safari yetu, ndipo atume.

"Nitaandika mmoja au nitaandika wawili," alisema. "Sijui bado. Wewe unajua?"

"Wawili," nikasema. "Hilo nalo ni swali?"

"Umenijibu kama unavyowajibu watu wa umoja kwenye group."

Nilikasirika, kwa sababu lilikuwa kweli. Hakuwa ananiuliza kama niko tayari kuhama. Alitaka kujua kama nikihama nitakwenda mimi, au nitakwenda na umati wangu wote, na baada ya miezi sita tutakuwa tumekaa Houston tunahesabu viatu mlangoni. Ndiyo maana ya safari ile. Siku nne, watu wawili, mji wa mbali. Picha ya Stockholm aliiona kwenye kalenda ya chumba cha mapumziko kazini, nyumba za rangi ya haradali pembeni ya maji, na tiketi za mwezi wa kumi na moja zilikuwa rahisi kwa sababu hakuna mwenye akili anayekwenda huko mwezi huo.

Hoteli ndiyo ilikuwa kikwazo. Alipata chumba kwenye mtandao, hakina dirisha, kitanda kimoja juu ya kingine, choo cha kushirikiana na korido nzima. Niliangalia bei nikahisi kizunguzungu. Mji ule unakutoza kwa kupumua. Nikamwambia, tutalipa hela yote hiyo kulala kwenye kabati? Akasema, "Nalitaka hilo kabati." Lakini nilikuwa na simu mkononi, na mkono wangu ulishazoea. Niliandika kwenye group: Ndugu zangu, kuna mwenye mtu Stockholm?

Saa moja haikupita. Mama mmoja wa Katy, kule magharibi ya Houston, alikuwa na kaka yake, mtu wa Tanga kama mimi, yuko Stockholm miaka ishirini na tano. Tena kaka huyo alisoma darasa moja na marehemu kaka yangu. Hapo ikawa si suala la kuuliza tena. Yule bwana alinipigia mwenyewe. "Mdogo wangu, ukikanyaga mji huu ukalala hoteli, umenitukana," alisema. Nikaona nimeokoa fedha na nimepata kaka kwa mpigo mmoja. Nilipomwambia mke wangu, alikuwa anasuka nywele zake kwenye kioo. Vidole vyake vilisimama, kisha vikaendelea.

"Ni usiku wa kulala tu," nikamwambia. "Mchana ni wetu."

"Sawa," akasema. Nilifurahi alivyosema sawa bila kubishana. Nilikuwa nimesahau kwamba mke wangu anapobisha ndipo bado ana matumaini.

Siku alipokwenda tena Houston kusaini karatasi za awali, nilimshusha mlangoni mwa hospitali nikasema narudi baada ya nusu saa. Nikaenda Katy kuchukua mzigo wa kaka mtu. Huwezi kwenda kulala kwa mtu mikono mitupu, na huwezi kupita kwa dada yake bila kuchukua cha kupeleka. Yule mama alinipikia chai, akaniwekea sambusa, akafungasha polepole. Vitamini za makopo, suruali za jinzi, mafuta ya kuchua, mashine ya kupimia presha. Barabara kuu nayo ikasimama. Nilipofika hospitalini mke wangu alikuwa amesimama juani saa moja na nusu na viatu vya visigino. Aliingia, akaliangalia begi kiti cha nyuma, akafunga mkanda.

Tulifika Stockholm Alhamisi asubuhi, miguu imevimba, tumebadili ndege mara mbili kwa ajili ya ule urahisi wa tiketi. Kaka alikuwa uwanjani kutupokea, kavaa koti refu na kofia ya sufu, mtu mwembamba mwenye uso wa huruma. Nikamwamkia, "Shikamoo kaka," akanikumbatia akalia kidogo, akisema nimefanana na marehemu. Mtu kama huyo utamwambia nini? Tukapanda naye treni mpaka mwisho wa njia, kwenye majengo ya ghorofa yaliyofanana yote, ghorofa ya nne, lifti mbovu. Mji wenyewe niliuona dirishani kwa dakika tano, maji meusi na minara, halafu ukapita.

Fleti ilikuwa na vyumba viwili. Shemeji, mke wa kaka, alikuwa ameshapanga. Mke wangu atalala chumbani kwa binti yao, kitanda cha juu, mimi sebuleni kwenye kochi, mtoto wao wa kiume chini kwenye godoro. Mke wangu alicheka. Nilidhani amefurahi.

"Kwa hiyo kitanda kimoja juu ya kingine nimekipata," aliniambia kwenye korido, tukipishana na taulo.

Siku ile watu walikuja kutusalimia mpaka saa mbili usiku. Wageni kutoka Amerika, lazima waonwe. Kila aliyeingia nilisimama, nikasalimia, nikaeleza Texas kuna joto gani, na Watanzania tuko wangapi, na kweli watu wanatembea na bunduki dukani? Nikiwa na usingizi mzito bado nilieleza vizuri. Mke wangu alikuwa jikoni na shemeji, wakikuna nazi.

Ijumaa kaka aliomba ruhusa kazini atuonyeshe mji. Nilijaribu, kidogo tu, kusema tungeweza kuzunguka wenyewe. "Mpotee? Niseme nini kwa dada yangu wa Katy?" Alikuwa amemwomba rafiki yake mwenye gari, na rafiki akaja na mkewe, shemeji naye akapanda, tukawa sita kwenye gari la watu watano. Tulionyeshwa duka linalouza unga wa sembe. Tulionyeshwa mahali kaka alipofanya kazi yake ya kwanza ya usafi. Tukasali Ijumaa, tukasalimiana na watu nje kwa muda mrefu kuliko sala, upepo unakata masikio. Jumba la manispaa la matofali mekundu tulilizunguka mara mbili bila kushuka, kwa sababu ya maegesho.

"Kuingia wanatoza," kaka alituambia. "Kwa nje ni bure, na uzuri wake wote uko nje."

Saa tisa jua likazama. Hapo nilipata mshtuko, ingawa nilikuwa nimesoma. Mke wangu alikuwa amebanwa dirishani, paji la uso kwenye kioo, akiangalia watu wawili wazee wakivuka daraja wameshikana mikono ndani ya mfuko mmoja wa koti. Aliwaangalia mpaka gari likakata kona.

Jumamosi ndiyo siku ninayoionea aibu. Niliamka nimepanga kumtoa. Nilikuwa nimeshavaa. Lakini wakati wa chai kaka akafungua mzigo wa dada yake mbele ya jirani aliyekuja kuazima kitu, akatoa ile mashine ya presha, akaigeuza geuza, haijui. Na mimi, sijui nilipatwa na nini, au najua. Nilisema, "Fundi wake si huyu hapa? Mke wangu nesi wa moyo. Houston wanampa wodi nzima." Nilisema kwa majivuno, kama mtu anayeonyesha gari jipya.

Jirani akanyoosha mkono papo hapo. Mke wangu akampima, maana angefanyaje? Jirani akapiga simu kwa dada yake. Saa tano sebule ilikuwa imejaa. Watu walikuja na mifuko ya dawa, na barua za daktari za Kiswidi zilizotafsiriwa na watoto wao, na miguu iliyovimba, na mama mmoja aliyevua hijabu chumbani kuonyesha uvimbe shingoni ambao hajamwonyesha mtu mwaka mzima. Nitamtetea mke wangu hapa: hakuna hata mmoja aliyeondoka bila kusikilizwa. Aliwauliza maswali taratibu, akawaandikia kwenye karatasi mambo ya kwenda kumwambia daktari wao. Yule wa shingo, mke wangu alimshika mikono akamwambia Jumatatu usikose kwenda kwa daktari, tafadhali, usiogope. Na mimi nilikuwa nikipanga foleni. Ndiyo, niliweka viti kwenye korido, nikawa nasema, "Wewe baada ya huyu." Ni kazi yangu, nimeizoea.

Saa tisa na nusu, giza nje, alitoka kunawa mikono. Nilimfuata mpaka mlango wa bafu.

"Pole," nikamwambia.

"Umechukua likizo," alisema, anajiangalia kwenye kioo, "ukanileta kazini."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kufanya. Alikuwa amechoka uchovu ambao sikuwahi kuuona usoni kwake hata baada ya zamu tatu mfululizo, na nilitaka kumwambia jambo, lakini shemeji aliita kwamba kuna mzee amepanda ngazi ghorofa nne na anahema. Akafuta mikono akaenda.

Jumapili nilifanya nilichopaswa kufanya tangu Alhamisi. Nilimwambia kaka leo tunatoka wawili tu. Alielewa, au alijifanya ameelewa. "Lakini saa kumi na mbili mrudi," akasema. "Tumewaandalia kuagana. Nimechinjisha mbuzi. Watakuja hata wa Uppsala." Nikasema bila shaka, kaka.

Tulinunua tiketi ya siku nzima ya usafiri, moja kila mtu. Mke wangu alikuwa amesoma zamani, alipokuwa bado anaipanga safari kwa furaha, kwamba maskini akitaka kuona sanaa Stockholm ashuke chini ya ardhi. Vituo vya treni wamevichimba kwenye mwamba, wakauacha mwamba wazi kama pango, wakaupaka rangi. Kuna kimoja ni chekundu juu mpaka chini, na msitu wa kijani umechorwa ukutani kuzunguka abiria. Kingine ni buluu na majani yanayotambaa. Tulikuwa tunashuka, tunaangalia, tunasubiri treni inayofuata. Kila kituo alikuwa ananishika mkono wa koti na kuniambia tazama kule. Katika kile chekundu alisimama katikati ya jukwaa, kichwa nyuma, na akasema, "Ingekuwa hivi siku zote nne." Nikasema tunayo leo. Akatabasamu, tabasamu la kweli.

Tukapanda kivuko, tiketi ile ile, tukakaa nje wenyewe maana wenyeji wote walikaa ndani. Tukaona walinzi wa ikulu wakibadilishana zamu, bure, wakipiga ngoma kwenye baridi, na mke wangu akawaangalia kama mtu wa kazi. "Angalau wao wanapishana kwa muziki," alisema, "sisi ni karatasi ya report ya wagonjwa na kikombe cha kahawa." Tulinunua andazi moja la mdalasini tukagawana. Maji tuliyaomba bombani. Mji wa kale una vichochoro vyembamba hivi kwamba mtu mwenye mwili hupita upande, na katika kimoja chenye ngazi nilimwambia apite kwanza, akasema kwa umbo langu hili nitakwama na kaka atalazimika kuitwa. Tulicheka mpaka tukakaa kwenye ngazi. Sikumbuki lini tulicheka vile kwetu, bila mtu chumba cha pili.

Na tulizungumza. Kwa mara ya kwanza alinieleza kwa nini aliomba kazi ile bila kuniambia. Alisema siku moja alirudi kutoka zamu, mgonjwa wake amefariki mikononi, akanikuta sebuleni na wageni sita, nikamwambia, mama, kuna chai? Alikwenda akaipika. Alisema alipokuwa anamimina ile chai aligundua hakuna mahali ndani ya nyumba yake anapoweza kulia. Nikasema kwa nini hukuniambia. Akasema, "Ningekuambia saa ngapi?" Nilimwomba msamaha pale kwenye ngazi za mawe, na nilikuwa namaanisha. Nikamwambia Houston itakuwa tofauti. Alinisikiliza. Alikuwa anataka kuamini, niliona kabisa.

Saa tisa giza likaingia. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi juu ya kilima, mji wote umewasha taa chini yetu, maji yakirudisha zile taa. Alikuwa ameweka mkono wake ndani ya mfuko wa koti langu. Akasema, "Tusirudi."

"Wapi?"

"Kwa shemeji. Nimeangalia kwenye simu, ile hoteli ina chumba. Bado ni kabati." Aliongea haraka sasa. "Tuta-pick mizigo asubuhi tukienda airport. Usiku mmoja tu. Nitalipa mimi. Saa tano asubuhi za Texas natakiwa ni-submit ile form, nataka tuijaze pamoja, tumelala kitandani, tumefunga mlango."

Nilitoa simu. Nataka ieleweke kwamba niliitoa. Nilifikiria mbuzi. Nilifikiria shemeji aliyekesha akiloweka mchele, na watu wa Uppsala ambao wameshapanda treni, na kaka aliyelia uwanja wa ndege kwa sababu ya uso wangu. Nilifikiria dada mtu wa Katy atakavyoipata habari kabla hatujatua, na group lote litakavyojua kwamba katibu alialikwa akakimbilia hoteli.

"Watatuonaje?" nikasema.

"Nani?"

"Watu."

Aliniangalia. "Piga tu," alisema, kwa upole kabisa. "Sema mimi ndiye naumwa. Sema lolote unalotaka, uniseme mimi."

Nikapiga. Kaka alipokea mlio wa kwanza, nyuma yake kelele za vyombo na watoto. "Mdogo wangu! Mko wapi? Mbuzi ameshaiva, wewe tu unasubiriwa."

Na mimi nikasema, "Tuko njiani, kaka."

Niliyasikia maneno yakitoka. Yalitoka yenyewe, kwa sauti yangu ya ukatibu, yenye uchangamfu wote. Mke wangu alitoa mkono mfukoni mwangu akavaa glavu zake, kidole kimoja kimoja. Kisha akasimama. "Haya," akasema, "twende basi." Kwenye treni tulipita tena kile kituo chekundu, na hakuinua macho.

Pilau lilikuwa zuri. Watu walijaa mpaka korido, mbuzi alitosha, watoto walikimbia kati ya miguu. Ikaombwa dua, kisha kaka akasema mgeni atoe neno. Nilisimama. Nimetoa neno la shukrani mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na lile lilikuwa mojawapo ya mazuri. Nilimtaja marehemu kaka yangu, wakubwa wakafuta macho. Nilimshukuru shemeji kwa mikono yake. Nilisema mimi na mwenzangu tulikuja katika mji tusioujua tukakuta nyumbani. Nilisema mimi na mwenzangu hatutawasahau. Upande wa wanawake, kwenye mkeka, mke wangu alikuwa amekaa wima, kitambaa kizuri kichwani, anatabasamu, simu ameishika mapajani kwa mikono miwili. Nilidhani ananirekodi. Nikaongeza maneno kidogo kwa ajili yake.

Asubuhi yake, uwanja wa ndege, kaka alipokwishaondoka akipunga mkono, nilimkumbusha kuhusu fomu. Nikasema tuijaze sasa, tuko wawili, tuombe radhi kwa kuchelewa.

"Nilituma," alisema. Akanipa simu nione. Iliondoka jana yake saa tano na robo kwa saa za Texas, ambayo kwa Stockholm ni saa kumi na mbili na robo jioni, wakati nimesimama nimeshika glasi ya juisi. Mahali pa idadi ya watu wanaohamia ameandika mmoja.

Niliisoma fomu tena tangu mwanzo. Kisha nikamuuliza jambo ambalo sikupaswa kuliuliza, maana tangu siku ile sijapata usingizi mzuri kwa sababu yake. Nilimuuliza, kama pale kilimani ningemwambia kaka hatuji, angeandika ngapi.

"Wawili," alisema, wala hakufikiri. Akaichukua simu yake, akavuta begi, akaenda kusimama kwenye foleni.